Namna ya kuwa tajiri Idodi, kuanzia Juni hadi Krismasi

Pesa ya Idodi inaingia mwezi wa sita. Usipolijua hilo utajikuta unatamba mwezi wa pili, wakati majaruba yamejaa maji, watu wako matopeni mpaka magotini, na hakuna mwenye nafasi ya kukutazama. Utajiri usiotazamwa una jina lake, unaitwa akiba, na akiba haijawahi kumpa mtu kiti cha mbele kwenye sherehe.

Kwa hiyo subiri. Ngoja mpunga ukatwe, upigwe, upepetwe, upakiwe. Ngoja malori ya wanunuzi yateremke kutoka Iringa na vumbi lao. Siku utakaposikia kijana wa bodaboda aliyekuwa akikuita "mzee" ameanza kukuita "tajiri", ujue msimu umefunguliwa. Kabla ya hapo hata ukiwa na milioni kumi ndani ya godoro, wewe ni mzee tu, tena mzee wa kuombwa kusogea kwenye kiti.

Elimu hii sikuipata darasani. Nimeipata kwa kumtazama mjomba wangu misimu mitatu mfululizo. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu mama yangu bado yuko hai na hao ni ndugu wa tumbo moja.

Jambo la kwanza ni kuuza vibaya. Tajiri wa kweli anauza gunia zake zote wiki ya kwanza, bei ikiwa chini, tena anakubali lumbesa, lile gunia lililoongezewa kilemba juu hadi likawa gunia na nusu lakini kwenye hesabu limebaki gunia. Watakaokuambia usubiri Januari au Februari, bei ikipanda, wapuuze. Pesa ya Februari utaionyesha kwa nani, na watu wote wana majembe mikononi? Yule mfanyabiashara wa mjini anayenunua mpunga wako Juni, akaulaza ghalani, akaukoboa, kisha akakuuzia wewe mwenyewe kwa kilo wakati wa njaa, huyo usimwite tajiri. Huyo ni mjanja. Angekuwa tajiri angekuwa na geti.

Nimelitaja geti mapema, basi tulimalize, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapozikwa.

Nyumba ya tajiri inaanzia juu. Bati liwe la msauzi, la rangi, ikiwezekana jekundu, ili mtu akiwa mbali barabarani aone kuna maendeleo. Chini ya bati hilo tofali za kuchoma zinaweza kubaki uchi miaka saba bila plasta. Hakuna anayetazama ukuta mtu akiwa na msauzi. Madirisha yawe ya aluminiamu upande wa barabarani. Upande wa shambani weka mbao, huko wanapita mbuzi tu. Nje simamisha mnara wa tangi la maji la lita elfu mbili. Maji yenyewe yataendelea kuja kwa ndoo kichwani mwa shangazi, lakini tangi litaonekana.

Halafu geti. Mjomba alilinunua Iringa mjini, la chuma, jeusi lenye maua ya rangi ya dhahabu, likaja juu ya kenta likiwa limefungwa kwa kamba kama mgonjwa. Fundi akajenga nguzo mbili. Geti likapachikwa, likapakwa grisi, likafungwa kufuli. Ukuta haukujengwa. Ukuta ni wa msimu ujao, mjomba alisema, na tangu hapo imepita misimu miwili. Kwa hiyo mpaka leo pale nyumbani kuna geti lililosimama peke yake katikati ya uwanja, limefungwa usiku kwa uaminifu mkubwa, na mbuzi wa jirani wanapita kushoto kwake na kuku kulia.

Juu ya zile nguzo mbili ameweka simba wa saruji, mmoja kila upande, midomo wazi. Sasa fikiria. Huu ni uwanda ulio kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Taifa Ruaha, mojawapo ya maeneo yenye simba wengi kuliko mengine yote Afrika. Watu wa vijiji hivi, Idodi, Tungamalenga, Makifu, Mahuninga, wanamjua simba kwa nyayo zake kwenye matope na kwa ndama aliyekosekana asubuhi. Mtu wa hapa analipa fundi kutoka mjini amfinyangie simba wa saruji. Na fundi, ambaye nadhani simba amemwona kwenye noti tu, amemchonga akiwa na uso wa paka aliyefokewa. Mjomba anampenda hivyohivyo.

Ndani, kanuni ni moja: vitu vizuri havitumiki. Makochi yavalishwe vitambaa, vitambaa vifunikwe nailoni. Kabati la vyombo liwe na vikombe ishirini na nne vya maua ambavyo havijawahi kuonja chai, na mgeni anyweshwe kwenye kikombe cha plastiki huku akivitazama. Tivii iwe kubwa kiasi kwamba aliyekaa kochi la karibu hawezi kuona pembe zote mbili kwa pamoja. Kisimbuzi kilipiwe mwezi mmoja, wa saba. Baada ya hapo tivii inakuwa kioo, na inang'aa.

Gari sitakuchelewesha. Liwe namba E, liwe jeupe, na liwe chini sana kwa barabara zetu. Mvua ya kwanza ikinyesha utaliegesha chini ya mwembe mpaka mwezi wa tano, na kuku watalielewa haraka kuliko wewe.

Lakini vyote hivyo, nyumba, geti, tivii, ni matumizi ya kimyakimya. Ukitaka utajiri wako uingie kwenye kumbukumbu za kijiji nenda mnadani. Sisemi mnada wa ng'ombe, huo nitaufikia. Nasema mnada wa kanisani, Jumapili ya shukrani ya mavuno, ibada ikiisha.

Watu hawatawanyiki. Wanasimama nje kwenye kivuli, na mzee wa kanisa anatoka na zile sadaka zilizoletwa bila pesa: maboga, debe la mahindi, mkungu wa ndizi, mayai sita kwenye kikombe. Mwisho, kwa makusudi, anatoka na jogoo. Nakumbuka jogoo mmoja mwekundu, mwembamba, mwenye kidonda kwenye kishungi. Alianza kwa elfu tano. Mwalimu mmoja akasema saba, kwa sauti ya mtu anayejua mshahara wake. Mwenye duka la pembejeo akasema kumi na tano, watu wakageuka. Wakati huo mjomba alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na baiskeli, anachezea ufunguo wa gari. Huo ndio ufundi. Mwenye pesa hakai mbele mnadani. Anaacha shingo zimtafute. Jogoo akafika ishirini, mara ya kwanza, mara ya pili, na mjomba, bila kuinua macho, akasema: "Hamsini."

Vigelegele vilivyopigwa pale, nina hakika havikupigwa siku ya harusi yake.

Usichukue jogoo. Hapo ndipo wageni wa utajiri wanapoharibu. Ukimchukua ukamkumbatia mpaka nyumbani, umenunua kitoweo ghali. Unapaswa kupunga mkono na kusema, "Mpelekeeni mchungaji." Vigelegele vya pili. Mchungaji naye, ambaye ni mtu mwenye akili, atamrudisha jogoo huyo Jumapili ijayo kuwa sadaka yake binafsi, na mnada uanze upya. Yule jogoo mwekundu nilimshuhudia akinunuliwa mara tatu. Sidhani kama kuna mzee wa kanisa aliyeliletea kanisa lile mapato makubwa kuliko yeye.

Na pesa? Pesa hailipwi pale. Unasema, "Katibu, andika ahadi." Katibu ana daftari la kaunta, anaandika jina na kiasi, na wewe unaondoka ukiwa umetumia elfu hamsini ambazo bado unazo mfukoni. Huo ni mfumo wa fedha ambao hata Benki Kuu ingeutamani. Kasoro yake ni moja, kwamba katibu huyohuyo husimama Desemba, karibu na Noeli, kusoma majina ya ahadi ambazo hazijatimizwa, kwa mpangilio wa alfabeti. Wenye majina ya M, kama sisi wa ukoo wa kina Mwa-, tunapata muda kidogo wa kutoka nje kuangalia mvua.

Kadi za michango zisikutishe. Kati ya Juni na Septemba utaletewa za harusi, sendofu, kipaimara na ubatizo, na kila moja itakuuliza wewe ni singo au dabo. Tajiri ni dabo, hata kama mke amekwenda kwao. Msibani usiandike ahadi. Msibani toa noti, na itoe kubwa, kwa sababu daftari la msiba linasomwa hadharani siku ya kuanua matanga na marehemu hawezi kukutetea.

Baada ya geti na jogoo, jiandae kwa sifa ya mwisho, ambayo ndiyo cheti chenyewe cha utajiri: utaambiwa una ndagu, ule uchawi wa kutafutia mali. Utasikia kwamba kuna chumba ndani ya nyumba yako hakifunguliwi. Kwamba ulikwenda usiku kwa mtaalamu ukapewa masharti. Kwamba mtoto wa ndugu yako aliyeshindwa mtihani wa kidato cha nne, akili yake ndiyo iliyosukuma pawatila yako. Usikasirike wala usikanushe kwa nguvu. Mtu ambaye hajawahi kusingiziwa ndagu ni maskini wa kuthibitishwa. Mjomba alipoambiwa yake alinyamaza siku mbili, halafu akanunua kufuli jipya, akalitia kwenye mlango wa stoo yenye majembe.

Nakubali kwamba kuna atakayeuliza tumeutoa wapi ugonjwa huu wa kuonyesha. Mimi nadhani tumeutoa kwenye kuficha. Ukitoka Iringa kuja kwetu unapita Kalenga, ambako Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijenga ngome ya mawe aliyoiita Lipuli, akaweka ndani yake ng'ombe, pembe za ndovu na bunduki. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliingia, na huo ukawa mwisho wa ukuta uliokamilika. Miaka minne iliyofuata mtu aliyekuwa tajiri kuliko wote Uhehe aliishi porini, akiwindwa, na kichwa chake kikawekewa bei: rupia 5,000. Alijipiga risasi Mlambalasi, Julai 1898, njia hiihii ya kuja Idodi. Kichwa kilikwenda Ujerumani na hakikurudi mpaka 1954. Sasa kiko kwenye makumbusho pale Kalenga, na kiwiliwili kiko Mlambalasi. Bibi zetu walijifunza kutoka hapo kwamba mali ni kitu cha kuzika chini ya mafiga.

Kisha ikaja Februari 1967 na Azimio la Arusha. Kiongozi asiwe na hisa, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti mazuri, na mashemeji wa nchi hii hawajawahi kumiliki nyumba nyingi kama wakati ule. Upande wa pili wa mji, Ismani, kulikuwa na wakulima wa mahindi waliopata matrekta na mashamba makubwa tangu miaka ya 1950. Siku ya Krismasi ya 1971 mkulima mmoja wa huko, Saidi Mwamwindi, alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dokta Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisimamia ujamaa vijijini. Klerruu alikufa, na Mwamwindi akanyongwa. Hilo siwezi kulitania. Nalitaja kwa sababu baba zetu walipolisimulia walishusha sauti, na sauti ile iliyoshushwa ilikaa nyumbani miaka mingi, hata mtu akinunua redio anaifunika kwa kitambaa.

Halafu 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine na vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walitupa mali usiku: sukari, vitenge, sabuni. Mtu mzima anabeba katoni ya sabuni aliyoinunua kwa pesa yake, anaitupa kichakani, anarudi kulala akiwa amefurahi. Mjomba alikuwa kijana wakati huo. Anasema aliokota vipande kumi na viwili vya sabuni ya mbuni porini na akaogopa kuoga. Mwaka 1991, pale Zanzibar, chama tawala kililegeza yale masharti ya viongozi, na ruhusa ya kuonekana na kitu ikaanza kushuka taratibu kutoka juu mpaka ikatufikia sisi wa mwisho wa barabara. Mtu aliyeogopa kipande cha sabuni, leo usimwambie habari ya ukubwa wa geti.

Hata hivyo wapo wanaoishi kitajiri hapahapa na mwongozo huu hawaufuati. Inabidi niwataje ili usije ukaiga kwa bahati mbaya.

Wa kwanza wanapita na magari ya rangi ya udongo, viti vitatu vitatu, wakielekea Msembe. Hifadhi ya Ruaha ilitangazwa 1964, na tangu iongezewe eneo la Usangu 2008 ina ukubwa wa kilomita za mraba elfu ishirini hivi. Wale wageni wanakwenda humo kulala kwenye hema. Naomba usome tena: hema. Wanalipa mamia ya dola kwa usiku mmoja, kila mtu, ili walale chini ya turubai, waogee maji yaliyopashwa kwa kuni, wale kwa mwanga wa taa ya chemli na wasipate mtandao wa simu. Mambo hayo shangazi yangu anayapata bure tangu azaliwe, na hakuna aliyewahi kumletea juisi kwenye trei. Mavazi yao ni ya rangi ya vumbi kwa makusudi. Viatu vimechakaa. Nilimwona mmoja, baadaye nikaambiwa ana viwanda kwao, akiwa amevaa kaptula ambayo mjomba asingeivaa hata kupuliza dawa nyanya. Alisimama kupiga picha pale njiani. Akapiga mbuyu, akapiga mtoto na baiskeli. Geti la mjomba, lenye maua ya dhahabu na simba wawili, lilikuwa hatua thelathini kutoka pale, na hakuligeuzia kamera.

Mjomba hakula vizuri jioni ile.

Wa pili hapandi gari kabisa. Ni mfugaji, Mbarabaigi, kambi yake iko upande wa mbuga, nyumba ya miti na udongo, na ng'ombe ambao sijawahi kumsikia akitaja idadi yao. Ukimuuliza anakujibu habari za majani. Ana shuka, fimbo na makubazi ya tairi. Kwa kanuni zote nilizokuandikia hapo juu, huyu ni fukara. Sebule hana, singo wala dabo hajawahi kuwa, na jogoo wa elfu hamsini angemcheka usoni. Siku ya gulio anakunywa soda moja, anasimama kando na kutazama, basi. Akihitaji pesa anaswaga dume mmoja hadi mnada wa mifugo, anauza, anafunga noti kwenye kitambaa kiunoni, anarudi kwa miguu.

Mwaka jana Krismasi ilipita, ahadi zikasomwa, tukatoka nje kuangalia mvua. Januari ikaja na mambo yake: mtoto wa mwisho wa mjomba kaanza kidato cha kwanza, zinatakiwa sare, godoro, madaftari, viatu vyeusi, shamba linataka kulimwa, mbegu, mbolea. Gari lilikuwa chini ya mwembe na kuku wawili walikuwa wameatamia kiti cha nyuma. Mjomba akapiga simu mbili mjini, kwa watu waliokuwa wakimwita bosi mwezi wa saba. Zote ziliita mpaka zikakata. Siku ya tatu akanituma upande wa mbuga.

Yule mfugaji alikuja mwenyewe jioni, kwa kuwa kwao deni haliongelewi kupitia mtoto. Walikubaliana: pesa sasa, gunia za mpunga mwezi wa sita, idadi siwezi kuiandika kwa heshima ya mama. Lakini hayo ni ya baadaye. Alipofika, mjomba alimwona kutoka barazani, akainuka, akaanza kupapasa mifuko akitafuta ufunguo wa kufuli, akiita, "Ngoja, mzee wangu, ngoja nikufungulie!" Ufunguo haukuonekana. Mgeni alisimama kidogo mbele ya geti, akamtazama simba wa kushoto, akamtazama wa kulia, akagonga nguzo mara moja kwa fimbo kama anayepima ng'ombe. Kisha akazunguka kushoto, pale wanapopita mbuzi, akaja kukaa.